Ndugu Mwenye Kamera Hutumwa Soda

Ukitaka kujua watu wanathamini nini, keti kwenye mkutano wa kamati ya harusi, nyamaza, usikilize bajeti ikisomwa mstari kwa mstari. Hema na viti, shilingi 70,000: hakuna anayekohoa. Keki, 35,000: mtu anauliza tu kama ni ya ghorofa tano au sita, na hakuna anayetaja kwamba ghorofa tatu kati ya hizo ni boksi lililopakwa krimu. Magari ya msafara: mjomba mmoja anasema bibi harusi hawezi kushuka kutoka kwa Vitz, watu watatuonaje, na papo hapo 20,000 zinapatikana. Halafu mwekahazina anafika kwa mpiga picha. Anasoma 40,000. Ghafla kila mtu ni mchumi.

"Elfu arobaini ya kubonyeza tu?"

"Na hizi simu tulinunulia nini?"

"Kwani yule kijana wetu si ana kamera?"

Mimi ndiye yule kijana wetu.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo iliisha kabla ya hamu, au hamu iliisha kabla ya karo, inategemea unamuuliza mama au unaniuliza mimi. Nilichobaki nacho ni kamera ya mitumba niliyonunua Luthuli Avenue, lenzi moja, ile inayokuja na kamera kwa sababu hakuna mtu angeinunua kivyake, na betri mbili, moja ikiwa imeshazeeka. Nikajiunga na wale wasee wa kupiga watu picha Kenyatta Avenue, shilingi 50 kwa picha, unatumiwa kwa simu hapo hapo. Jua ni la bure, kuta za majengo ni za bure, mteja anajipanga mwenyewe. Picha ikikataa, unapiga nyingine. Hicho tu ndicho nilikuwa nakijua 2022, dada yangu alipotangaza harusi.

Bajeti yake yote ilikuwa 380,000, na karibu nusu bado ilikuwa ahadi za watu kwenye kundi la WhatsApp. Mstari wa picha ulianza 40,000, ukashuka 25,000, ukashuka hadi "tutaangalia", na mwisho ukafutwa, nikaandikwa mimi. Hakuna aliyeniuliza kama naweza. Na mimi, sitadanganya, sikukataa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niache chuo jina langu kutajwa kwenye mkutano wa familia bila mtu kushusha pumzi.

Kanisa lilikuwa la mawe, la zamani, upande wa Gatundu, madirisha madogo yako juu kabisa. Kwa macho ni pazuri. Kwa lenzi yangu ilikuwa kama kupiga picha ndani ya tangi la maji. Kamera ikikosa mwanga ina njia tatu tu: ufungue lenzi zaidi, na yangu ilikuwa imefika mwisho, uache shata wazi kwa muda, na kila anayesogea anageuka moshi, au upandishe ISO, na picha inajaa chenga kama televisheni ya zamani iliyopoteza stesheni. Flashi sikuwa nayo. Nilijaribu zote tatu kwa zamu. Nina picha ya shemeji akimvisha dada pete ambayo ukihesabu mikono ni minne, ya watu wawili, lakini yote iko upande mmoja.

Hayo ya kanisani ningesamehewa. Tatizo lilikuwa jambo ambalo Kenyatta Avenue haikunifundisha, kwamba ndugu hapewi kazi moja. Nilikuwa na kamera shingoni, na bado nilikuwa kaka ya bibi harusi, kijana asiye na kazi. Tukitoka kanisani shangazi alinipa mtoto nimshikie kidogo. Kidogo hiyo ilichukua nusu saa. Kwenye mapokezi mjomba akaniuliza mbona kreti za soda hazijafika kwa meza ya wakwe, na bana, huwezi kumwambia mjomba "niko kazini". Atacheka, na atawaita wengine waje wacheke. Nikaenda kutafuta soda. Mpiga picha wa kulipwa hakuna mtu humtuma soda. Hata hawajui jina lake.

Saa tisa na kitu betri nzuri ikaisha. Nilikuwa nimeimalizia kwa msafara: picha zaidi ya mia za magari yenye riboni, kwa sababu mjomba huyo huyo alisimama kando yangu akisema piga hiyo, piga na hii. Ile kuukuu ilidumu dakika kumi. Nikazipeleka zote mbili kwa DJ, maana yeye ndiye alikuwa na jenereta, nikakaa hapo nikingoja taa ya chaja igeuke kijani. Nikiwa hapo ndipo MC alimwita shosho.

Shosho yetu alikuwa na miaka 86. Alikuwa ametoka Othaya alfajiri, matatu baada ya matatu, na kitambaa chake cheupe cha kichwa hakikuwa na mkunjo hata mmoja. Hakuwa mtu wa kusimama mbele ya watu. Siku hiyo alisimama. Alimwekea dada mkono kichwani, akasema maneno ambayo nusu sikuyasikia kwa sababu jenereta lilikuwa linanguruma sikioni mwangu, halafu akafanya kitu ambacho mimi sikuwa nimewahi kumwona akifanya: akacheza. Hatua tatu, nne, mkono mmoja hewani, na hema zima likapasuka kwa vigelegele. Niliona yote. Nilikuwa mita thelathini hivi kutoka kwake, na kamera iliyokufa mkononi. Watu kadhaa walirekodi kwa simu, na nimewatafuta wote. Mmoja alibadilisha simu. Mwingine aliibiwa yake Githurai. Wa tatu alinitumia video ya sekunde 9 ambayo karibu yote ni mgongo wa mtu mwenye suti ya buluu.

Alifariki miezi minne baadaye. Tulipokuwa tunaandaa programu ya mazishi tulitafuta picha. Familia kubwa hivyo, harusi ya juzi tu, na mwishowe tulitumia ile ya kitambulisho, ikapanuliwa mpaka uso ukawa vidoti. Dada hakunilaumu. Aliuliza mara moja tu, "Hakuna hata moja?" na mimi nikatoka nje nikajifanya napokea simu.

Kwa hivyo mtu akiniambia picha za harusi ni mbwembwe za watu wa Instagram, huwa sina subira naye.

Najua jibu lenu. Pesa hakuna. Ni kweli hakuna, na siwaandikii wenye harusi za mamilioni, hao wana shida zao. Nawaandikia nyinyi mnaooana mkiwa na miaka 26, mmoja ana kazi ya mkataba wa miezi sita, mwingine anauza viatu mtandaoni, na kodi ya nyumba Roysambu mnailipa tarehe kumi mkiomba msamaha. Kwenu nasema hivi: pesa ikiwa kidogo, kata harusi. Usikate mpiga picha. Hema litashushwa jioni hiyo hiyo. Keki italiwa, ile sehemu yake inayolika. Gari la kukodi litarudi kwa mwenyewe likiwa na vumbi. Picha ndiyo kitu pekee kwenye bajeti nzima ambacho Jumatatu bado kipo (pamoja na ndoa, Mungu akijalia).

Mnakumbuka harusi ya shilingi 100? Januari 2017, wapenzi wawili wa Nairobi walifunga ndoa wakiwa wamevaa nguo za kawaida, na pete mbili za chuma zilizowagharimu hiyo mia. Hakukuwa na keki wala hema. Lakini kulikuwa na picha. Ndizo zilizosambaa mtandaoni, nchi ikaguswa, wafadhili wakajitokeza, na tarehe 14 Februari wakafanyiwa harusi kubwa bila kutoa hata ndururu. Sisi tunakumbuka ile mia na kusahau kwamba mle ndani kulikuwa na mtu aliyeshika kamera. Bila yeye wangekuwa tu watu wengine wawili waliooana Januari bila pesa, na Januari watu wa namna hiyo ni wengi sana.

Sasa twende kwa hesabu, maana kamati hupenda hesabu. Baada ya aibu yangu ya Gatundu nilikaa karibu mwaka mzima kama msaidizi wa mpiga picha mmoja wa Kasarani, na hapo ndipo nilielewa ile 40,000 huenda wapi. Chukua harusi moja tuliyofanya Nyahururu. Mimi msaidizi: 3,000. Mafuta na chakula cha njiani: 4,000. Kukodi lenzi ya pili kwa ajili ya kanisa: 3,500. Albamu iliyochapishwa na kutiwa jalada: 9,000. Zimebaki 20,500. Siku yenyewe tuliamka saa tisa usiku. Kisha kulikuwa na siku nne za kukaa mbele ya kompyuta akipunguza picha 1,800 hadi 400, akirekebisha rangi moja moja. Siku tano za kazi, 4,100 kwa siku, na wikendi mbili zilizofuata hakukuwa na harusi. Hizo si pesa mbaya. Lakini wizi ni gani hapo?

Na kuna kitu ambacho hakikuwa kwenye risiti. Kamera yake iliandika kila picha kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja, moja ikifa nyingine iko. Tuliporudi usiku, kabla hata ya kunawa miguu, alinakili kila kitu kwa diski mbili, moja ikalala kwake, moja akanipa nikalale nayo. Alikuwa na betri sita. Sita! Nilizihesabu nikanyamaza. Hicho ndicho mnalipia. Kubonyeza ni bure.

Lakini nisiwapake wenzangu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna wapiga picha ambao wakisikia neno "harusi" bei inaruka kabla hujataja tarehe. Piga simu useme ni sherehe ya familia, utaambiwa 15,000. Piga tena kesho useme harusi, watu wale wale, masaa yale yale, imekuwa 60,000. Baadhi ya hiyo tofauti ni halali, kwa sababu harusi hairudiwi na lawama yake ni nzito. Nyingine ni uso wako tu umesomwa. Wanauza vifurushi vyenye majina ya madini, fedha, dhahabu, almasi, na ndani ya kila kimoja wamekufungia droni ambayo hukuiomba. Droni hapa Kenya inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege. Jaribu kuuliza kibali kiko wapi, usikie mtandao unavyosumbua ghafla. Wengine wanakuhariri mpaka unabadilika kabila: msichana wa rangi ya kahawa anafungua albamu anajikuta rangi ya chapati, mama yake naye hivyo hivyo, wote wamechomwa na weupe mmoja. Mpiga picha asiyejua kupiga ngozi nyeusi chini ya hema jeupe hajui kazi, hata akiwa na kamera ya bei ya gari. Mwambie mapema usiguse rangi yangu.

Kwa hivyo ukiwa na pesa kidogo usiulize nani ni rahisi. Nunua masaa, usinunue kifurushi. Huhitaji mtu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi akipiga gauni likiwa limening'inia dirishani, viatu vikiwa vimepangwa kwa nyasi, na bwana harusi akifunga saa ambayo aliazima. Mwite aanze mkiingia kanisani na aondoke baada ya keki na picha za familia. Hayo ni masaa manne. Albamu iache, chukua picha zenyewe, mtachapisha mwaka ujao mkipata. Video iache pia, au mpe rafiki mmoja simu nzuri na umwambie hiyo ndiyo kazi yake pekee siku hiyo. Rafiki, si binamu, binamu atatumwa soda. Na kama mnaweza, msioane Jumamosi ya Agosti au ya Desemba, wakati kila kanisa lina foleni. Oaneni Ijumaa. Oaneni Januari. Januari mpiga picha naye anakula sukuma wiki bila nyama kama wewe, atakusikiliza vizuri sana.

Instagram yake usiiangalie zaidi ya dakika mbili. Hizo ni picha thelathini bora za miaka mitatu. Hata mimi ninazo thelathini. Mwambie akuonyeshe harusi moja, nzima, kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho, na iwe ya kanisa lenye giza au ya saa saba mchana jua likiwa utosini. Akianza kuzunguka, mshukuru uende.

Mkikubaliana, andikeni, hata kama ni ukurasa mmoja. Watu wengi hawajui kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inasema kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ndiyo maana ile karatasi anayokuletea ina aya inayozirudisha picha kwake. Isome. Si lazima ugombane, lakini jua kwamba ni kitu chenye bei. Picha zako zitamletea wateja, na kuziweka kwenye kurasa zake anahitaji ridhaa yako. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwaka 2023 kilabu kimoja cha Nairobi kilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa. Kwa hivyo sema: nitakuruhusu utumie picha ishirini, nipunguzie. Hiyo ni biashara. Kusema "njoo upige bure utapata jina" si biashara. Jina halilipi kodi, na ninayekuambia nimejaribu.

Halafu lipeni, jameni. Amana kabla, salio siku yenyewe, kwa M-Pesa, kabla ya bwana harusi kuondoka. Kila mpiga picha ana hadithi ya salio lililoahidiwa "tukishafungua bahasha za zawadi". Jumamosi kundi la WhatsApp lina watu 112 na kila mmoja anatuma emoji za moto. Jumatatu unaandika kwa heshima kuuliza kuhusu 12,000 zako, na jibu pekee unalopata ni arifa: fulani ametoka, fulani ametoka, mwekahazina ametoka.

Kuna njia nyingine ambayo mashangazi hawatanisamehe kwa kuitaja. Sheria House, Harambee Avenue, kwa msajili wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka notisi ya siku 21, na siku ikifika, shughuli yenyewe ni ya dakika chache. Nimepiga harusi tatu za hapo. Ofisi haina uzuri wowote, viti ni vya ofisi na mwanga ni wa ofisi, lakini watu wanaoingia ni wachache na kila mmoja ametakiwa awepo. Kwenye moja walikuja wazazi wote wanne na nyanya mmoja mwenye fimbo. Tukatoka, tukatembea polepole barabarani, fimbo ikitupa mwendo, askari wa jiji wakitupisha kwa sababu ya lile gauni. Saa moja na nusu, shilingi 10,000, na yule nyanya yuko kwenye picha 31. Nilihesabu.

Sahii nikichukua kazi naomba kitu kimoja hata kabla ya amana: orodha ya wazee. Majina, ameketi wapi, anaondoka saa ngapi, maana wazee huondoka mapema na MC huwapa nafasi wakati watu wako kwa chakula. Wengine hucheka. Wiki jana msichana mmoja wa Umoja aliniandikia kwamba ana 15,000 tu na harusi ni ya watu sitini, je, nitamdharau? Nikamwambia masaa manne, picha 150, hakuna albamu, na anitumie majina ya wazee watano. Alituma tisa. Chini yake akauliza kama nauli iko ndani ya hiyo bei.

Haiko.